Baraza la Nyuma

Nakumbuka siku moja ya joto, mwanangu, mie shangazi yako, na tangu jana imenirudia hata kukaa kitako siwezi. Nisikilize, chai ikipoa si kitu.

Nilikuwa msichana mdogo. Mama yangu, yaani bibi yako, alibeba kichanga chake chenye homa, tukatoka kijijini kwetu Wingwi kwenda hospitali ya mjini. Zamani pale palikuwa na baraza la Wazungu mbele, la Wahindi na Waarabu ubavuni, na sisi nyuma, karibu na jiko. Serikali mpya ya baada ya Mapinduzi ilikuwa imeshafuta hayo yote, na mama alijua. Lakini miguu ilimpeleka nyuma.

Tukangoja. Mlango wa huku nyuma haukufunguliwa, maana daktari sasa alikuwa akiwaona wote mbele. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Mtoto keshaanza kulegea shingo. Nikamsihi mama twende mbele.

"Mie siwezi," akasema. "Kule kuna wenyewe."

Jirani yetu Bi Mize, aliyekuwa akitoka kufungwa kidonda, alimsikia. Akasimama mbele yake.

"Wenyewe ndo sisi, ati. Ama wataka kumuua mwana kwa adabu?"

Akamshika mkono, akamvuta hadi mbele. Mama alilia kwa haya, na hata pale barazani alikaa ukingoni, tayari kuinuka. Mtoto akatibiwa, akapona. Ndiye baba yako.

Sasa jana alikuja Mama Neema, yule mwalimu wa kutoka bara, kukuletea ndizi. Wanawake wenzio wamejaa ukumbini, yeye ukamwekea kigoda nje, penye mlango wa jiko, na kikombe cha peke yake. Hukumtukana, najua. Ulicheka naye vizuri tu. Lakini alikaa ukingoni mwa kigoda, mwanangu, vilevile kama mama. Nimekasirika, sikufichi.

Usiniambie mlango wako uko wazi. Ule wa mbele wa hospitali nao ulikuwa wazi, na baba yako nusura afe kule nyuma. Mtu aliyezoea kuwekwa kando haingii kwa kuachiwa mlango tu; hushikwa mkono. Basi leo alasiri nenda kwake wewe mwenyewe, umlete, akae katikati ya mkeka, anywe kwa vikombe tunavyonywea sote.

Nenda, Mola akulinde, na akujaalie nyumba ambayo mgeni wake hakai ukingoni.