Mtu wa Nyuma ya Rukuba

Marcelina alianza kutembeza wageni kisiwani Rukuba kwa sababu ambayo hakumwambia mtu. Watu wa Musoma walidhani amerithi tu kazi ya mumewe, Gasper. Kumbe alikuwa anamtafuta.

Gasper ndiye aliyekuwa akivusha wageni kwenda kuogelea kwenye fukwe za kisiwa, kuangalia ndege waitwao mnandi wakianika mabawa juu ya majabali, na kula sato wa kuchoma kwenye kambi ya wavuvi. Mwaka mmoja mgeni alisahau kamera huko. Gasper akairudia peke yake, mchana wa upepo. Boti iliokotwa imepinduka. Yeye hakuonekana, wala kiatu chake.

Mama yake, bibi Nyangi, alingoja weee, kisha akasema kile ambacho wazee wao walikifanya mtu akimezwa na ziwa: uzikwe mgomba badala yake, apate pa kulala.

"Mama, nikishazika mgomba, halafu akija?" Marcelina aliuliza.

"Atoke wapi, mwanangu?"

Marcelina hakukata mgomba. Alimchukua Renatus, mdogo wake Gasper, ashike mashine ya boti, naye akawa anaongoza wageni. Walimpenda. Alikuwa anawaonyesha kenge wanaoota jua, na huku macho yake yanapekua kila ufa wa mawe. Walidhani anawatafutia ndege, wakamshukuru.

Ila upande wa nyuma wa kisiwa, unaotazama maji makuu, hakumpeleka mtu. Boti iliokotwa huko. Mara nyingi alifika kileleni akachungulia, miguu ikakataa kushuka.

Kiangazi cha mwaka jana walikuja mwalimu Matrida wa Bunda na mumewe Isaya, mtu mnene, mpenda kupiga picha. Samaki wakiwa jikoni, Isaya akapotea. Walimwita mpaka sauti zikakauka. Marcelina alikuwa ameshafunga kanga kiunoni apande mlima, ndipo Isaya akatokea kati ya mawe, goti limechubuka, anacheka kwa aibu.

"Jamani, nilipotea. Bahati nzuri yule mwenzenu wa huko nyuma kanionyesha njia."

"Mwenzetu yupi?" Renatus akauliza.

"Mrefu, ana shati la bluu, limelowa. Haongei. Ukimuuliza ananyoosha kidole tu. Kanifikisha kileleni, akarudi zake."

Renatus alikiweka chini kisu cha samaki. Shati la bluu ndilo alilotoka nalo kaka yake siku ile.

"Labda ni mvuvi," akasema, hamtazami mtu.

"Wavuvi hawakaagi huko," Marcelina akamjibu. "Hakuna pa kutia mtumbwi."

"Shemeji, usiende."

Akaenda.

Safari hii miguu haikukataa. Alishuka akishikilia mawe yaliyokuwa yanaunguza viganja kwa jua la mchana. Chini hakukuta mtumbwi, wala majivu ya moto, wala mtu. Hata mnandi hawakuwapo. Kwenye jabali moja bapa, linaloinamia ziwani, aliona nyayo za maji za mtu aliyetembea peku, zinaelekea ziwani. Tangu Isaya arudi, jua lile lingekuwa limekausha hata nguo, sembuse nyayo. Za nyuma zilikuwa zinafifia, za mbele bado zinang'aa.

Akainama, akaweka kiganja juu ya mojawapo. Palikuwa na baridi.

Hofu ilimshika, lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa aibu. Miaka yote hiyo alijiona yeye ndiye anayengoja. Hakuwahi kufikiri kwamba mwenzake naye yuko huko, amelowa, hana pa kulala, na bado anawarudisha wageni waliopotea.

"Gasper," alisema, "kazi yako umemaliza. Wageni tutawarudisha wenyewe."

Alikaa pale mpaka jiwe likakauka lote.

Wakati wa kurudi, botini, Isaya alitaka kuuliza amekosea nini, mkewe akamfinya.

Marcelina alinyoosha moja kwa moja hadi kwa bibi Nyangi, akapiga magoti.

"Mama, mgomba ukatwe."

Bibi hakumuuliza kilichombadilisha. Mgomba ulikatwa, ukavishwa suruali ya Gasper na kuviringishwa shuka lake. Katekista alimwombea Gasper kwa jina, mgomba hakuutaja. Marcelina alinyolewa nywele. Udongo wa kwanza ulipoanguka, ulitoa mlio mzito kama umeangukia mwili, na hapo ndipo alipolia kilio alichokuwa amekizuia miaka yote.

Tangu siku hiyo hakuna mgeni mwingine aliyesema ameonyeshwa njia. Renatus mpaka leo hazungukii nyuma ya kisiwa. Marcelina yeye huwa anashuka, siku nyingine peke yake, anayaangalia mawe, anayakuta makavu. Hajui ashukuru au ajione ameachwa.

Juzi alifuatwa huko chini na wageni wa kutoka Mwanza. Dada mmoja alikuwa ameshavua viatu.

"Mama, hapa tunaweza kuogelea?"

"Hapa hapana," Marcelina akasema. "Mume wangu alifia hapa."

Neno hilo hakuwahi kulitamka. Yule dada akavaa viatu vyake taratibu, na Marcelina akatangulia kupanda, anawaonyesha pa kukanyaga.