Kumfuata Bibi Tekla Mgeta

Watu wawili walikuwa wameshapanda Mgeta na kurudi mikono mitupu kabla jina langu halijatajwa. Bibi Tekla, mzaa mama wa mke wangu Selina, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Madaktari waliopita kijijini kwao walimpangia upasuaji wa jicho la kwanza siku ya Alhamisi, Morogoro mjini. Shemeji yangu alipokwenda kumchukua, bibi alimpa chakula akamwambia aende zake. Mama mkwe alipokwenda, aliambiwa vilevile, bila chakula.

"Nenda wewe," Selina akasema. "Mjukuu mkwe, tena Mnyamwezi, mtani wetu. Mtaniane, acheke, ashuke."

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, Kihonda, mtu wa kitambi cha wastani. Milima ya Uluguru nilikuwa nimeitazama miaka kumi na mbili kutoka chini, ambako inapendeza sana. Nikakubali.

Jumanne, saa mbili asubuhi, nilipata kiti cha mbele kwenye lori lililokuwa limeshusha kabichi mjini na sasa linarudi juu na matenga matupu. Dereva alinitazama kifuani.

"Mzee, sweta liko wapi?"

"Shati hili lina mikono mirefu."

Alicheka mpaka tulipoiacha lami. Baada ya hapo tulipanda, na kila kona nilibonyeza breki ambayo upande wangu haikuwepo. Upande mmoja kulikuwa na ukuta wa udongo mwekundu, upande wa pili hewa. Mashamba yalining'inia kwenye miteremko kama nguo zilizoanikwa: karoti, njegere, viazi, tena karoti. Niliposema kwamba aliyelima pale lazima alijifunga kamba, dereva akajibu kwamba yule ni mama yake, na kamba hana.

Saa sita mchana niliteremka Nyandira, kwenye soko la mboga, meno yakigongana. Nikamuuliza mama mmoja aliyejitwika kapu kama kwa Bibi Tekla ni mbali.

"Hapo tu. Twende, napita huko."

"Hapo" ilichukua saa moja na nusu. Yule mama na kapu lake alinisubiri kila baada ya kona, kwa upole, bila neno la kunicheka, jambo lililoniumiza zaidi kuliko kama angenicheka.

Bibi Tekla alikuwa ameketi mlangoni akimenya njegere, mdogo wa umbo, amejifunga kitenge juu ya masweta mawili, macho yamefunikwa weupe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani huyo anahema hivyo? Nilidhani wameniletea ng'ombe."

"Ni mimi mume wako, kutoka Kihonda."

"Ahaa! Umekuja kunichukua."

"Nimekuja kukusalimia tu."

"Mwongo. Zamani Wanyamwezi mlibeba mizigo ya watu. Siku hizi mnatumwa kubeba mabibi?"

Nilijua hapo nimepata mtu wa kunimudu. Jioni alinipikia ugali na maharage, akanivika koti la marehemu mumewe, akaniweka karibu na moto. Alichukua chumvi, akachota maji, akaufunga mlango wa mbuzi, na mkono wake haukupapasa kitu hata mara moja. Nilitania kuhusu hospitali, akacheka. Nikatania tena, akacheka zaidi. Kisha akafuta machozi ya kicheko na kusema, "Siendi."

Jumatano alfajiri nilitoka kwenda chooni nyuma ya nyumba. Nilipomaliza, nyumba ilikuwa imeondoka. Ukungu ulikuwa umeteremka mzito kiasi kwamba niliunyoosha mkono nikavipoteza vidole. Nilikwenda kulia, nikakanyaga majani. Nikarudi kushoto, nikashuka kitu kama ngazi ya udongo, kisha nyingine. Viatu vikaanza kuteleza. Nikasimama na kuita, kwanza kwa heshima, kisha kwa nguvu zote.

"Usipige hatua!" Sauti ya bibi ilitoka juu. "Mbele yako shamba limeisha."

Nilimsikia akija, miguu mitupu juu ya udongo, hatua za haraka za mtu anayevuka sebule yake. Alinikamata ukosi wa koti akanivuta kinyumenyume mpaka nikakaa chini kwa kishindo. Upepo ulipoupasua ukungu kidogo, nikaona. Pale nilipokuwa nimesimama udongo ulikatika ghafla, na mto ulinguruma huko chini kabisa.

Bibi alicheka muda mrefu, mkono wake ukiwa bado kwenye ukosi wangu. Kisha akaacha.

"Umeogopa?"

"Sana, bibi."

"Ukafanya nini?"

"Nilisimama, nikaita."

"Basi ndivyo nitakavyokuwa huko kwenu. Hapa sioni, lakini najua. Kule nitasimama, nitaita. Na Selina yuko kazini, na wewe unagonga vyuma."

Vichekesho vyote nilivyobeba kutoka Kihonda vilinikauka mdomoni. Nikamuuliza waliotangulia walimwambia nini.

"Kwamba ni dakika chache, tena haiumi. Nani aliwaambia naogopa maumivu? Nimezaa watoto tisa."

Hata mimi nilikuwa nimemwambia haiumi. Mara mbili.

"Nitafunga karakana," nikasema. "Siku zote utakazokaa kwetu. Ukiita, nitaitika."

"Ukiwa umelala?"

"Utalala na Selina. Mimi nitalala sebuleni."

"Na chooni?"

"Nitakupeleka mpaka mlangoni."

"Utageuka?"

"Nitageuka, bibi."

Alifikiri. Kisha akasimama, akakung'uta vumbi kwenye kitenge chake, akaniagiza niwapeleke mbuzi kwa jirani pamoja na majani yao, maana wangebaki kwake.

Saa tano tuliteremka. Yeye mbele, mimi nyuma nimemshika bega, na waliotukuta njiani walijua wazi ni nani anayemwongoza mwenzake.

Alhamisi alifanyiwa upasuaji, salama. Niseme ukweli, aliita. Aliita akitaka maji, akitaka kujua ni gari gani lile, na mara nyingine akitaka kuhakikisha tu. Majirani wakaanza: "Fundi, mke mkubwa anakuita!" Niliitika kila mara. Ijumaa muuguzi alipoondoa kitambaa, bibi alipepesa, akatazama dirisha, akamtazama Selina na kumshika mashavu akilia. Kisha akanigeukia mimi, akanikagua kuanzia kipara mpaka viatu.

"Selina mwanangu, ndiye huyu? Sauti yake ilikuwa nzuri zaidi."

Jumatano iliyofuata nilimrudisha Mgeta, nikiwa na sweta. Njia ya saa moja na nusu ilituchukua karibu saa tatu, na safari hii si kwa sababu ya kitambi changu. Bibi alisimama kwa kila tuliyekutana naye, akainua miwani myeusi aliyopewa hospitali, akamkazia lile jicho jipya na kumtangazia kwa furaha, "Na wewe umezeeka!" Watu walicheka wakamkumbatia. Nikaenda nyuma yake nikiwaza jinsi ukoo mzima tulivyopanda mlima huu, mmoja baada ya mwingine, tukimjibu swali ambalo hakuuliza, na hakuna aliyekaa chini kumuuliza anaogopa nini. Mimi mwenyewe nisingemuuliza kama nisingekaribia kuanguka.

Karibu na nyumba yake alitaka kuona mahali aliponivuta. Nikampeleka. Alitazama ukingo, akatazama mto kule chini.

"Na mimi nilikuja hapa mbio?"

"Mbio, bibi. Bila viatu."

Akarudi nyuma hatua mbili, akautafuta mkono wangu na kuubana kwa nguvu.

"Polepole, mume wangu," alisema. "Sasa naona."