Kifuko Kilichouvuta Moyo Wangu

Miaka ya themanini nililazwa katika wodi moja ya Nairobi, wodi ndefu kuliko barabara ya Marsabit. Nilikuwa nimewekewa mashine ya kuusukuma moyo wangu mvivu. Kidonda kikaingia usaha, mashine ikatolewa, lakini waya wake ukagoma. Ulikuwa umeota mizizi ndani ya moyo.

"Tutauvuta polepole," daktari akaniambia. "Usipotoka, itabidi tupasue kifua."

Wakaufunga kwa kamba, kamba ikapita juu ya kigurudumu miguuni pa kitanda, na mwisho wake wakatundika kifuko cha maji. Daktari alisema ni chepesi. Mimi nakwambia kilikuwa ndama wa ngamia, tena ameshiba.

Kutoka kwetu Isiolo hadi pale ni safari ya kumzeesha mtu, kwa hiyo sikuwa na mgeni. Saa ya kutazama wagonjwa, vitanda vya wenzangu vilijaa watu na chupa za chai. Changu kilikuwa na kifuko. Nikakisomea historia yote niliyofundishwa ngumbaru, shule ya watu wazima. Kilisikiliza kuliko mwalimu wangu.

Alasiri moja mjomba akatokea mlangoni, mchunga ngamia wa Korbesa, vumbi hadi kwenye kope. Kwetu humsalimii mtu akiwa na mzigo, kwanza unamtua. Akakiona kifuko, akakinyanyua, akakipakata kama mtoto.

"Salaam aleikum, mwana wa dada. Sasa tuongee."

"Mjomba, rudisha! Hiyo ndiyo dawa!"

"Dawa gani inamvuta mtu kama mbuzi wa sokoni?"

Nesi akaja mbio. "Mzee, rudisha hicho!"

"Nimrudishie mgonjwa mzigo? Kwenu mnafunzwa nini?"

Nesi akamweleza. Mjomba akakishusha taratibu, kama anayeteremsha ndoo kisimani, macho yake usoni pangu. Kisha akanipa habari za ngamia, mmoja mmoja, na mama zao. Kengele ikalia.

"Ngamia hawana mtu," akasema, akaenda.

Kesho yake asubuhi kifuko kikaanguka sakafuni, puu! Waya ulikuwa umetoka wote. Daktari akanishika mkono, akasikiliza, akasikiliza tena.

"Moyo haujachanika. Hatupasui."

Nikageuka nimwambie mjomba. Alikuwa ameshafika mbali.

Saa ya wageni, wenzangu wakamiminiwa chai. Kitanda changu sasa hakikuwa hata na kifuko.