Ukingo wa Spika ya Mwalimu

Mume wangu alifundisha hesabu huku Kanja kwa miaka mingi, na kitu alichokipenda baada ya Mungu na watoto wake kilikuwa spika moja kubwa ya besi. Mimi sijui nilikuwa nambari ngapi. Aliinunua ikiwa mtumba, akaitengenezea sanduku la mbao za mukima, ule mti tunaoupanda mipakani mwa mashamba, na kwa kuwa stima ilikuwa haijatufikia, akaiunganisha na redio ya kaseti iliyotumia betri ya gari.

Yeye ni Mmeru wa Mitunguu, mimi ni Mwembu. Tulipooana, neno likitupiga chenga tulikimbilia Kiswahili, na hadi leo tukibishana ni kwa Kiswahili. Mimi ni fundi wa nguo. Jumamosi alasiri nilishona sebuleni naye akisahihisha madaftari, kwaya zikiimba, na sauti za wanaume wale wa chini kabisa nilizisikia kwenye nyayo za miguu.

Kiangazi kimoja sauti ikaanza kukwaruza. Mwalimu akafungua sanduku, akaitoa spika, akaiweka juu ya meza yangu ya kukatia. Ile pete ya sponji inayoishika karatasi ya spika kwenye fremu ya chuma ilikuwa imeoza. Alipoigusa ilimomonyoka kama keki ya juzi.

"Ndiyo imekufa?" nikamuuliza.

"Sumaku ni nzima, karatasi ni nzima. Ni huu ukingo tu."

Alisema "tu", lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

Akatafuta tyubu kuukuu ya lori, akakata pete nzuri bapa, akaivuta ikakazana kama ngozi ya ngoma, akaigandisha kwa gundi. Ilipokauka akaweka kaseti. Zikaimba sauti za akina mama peke yao. Besi ilikuwa kama mtu anagonga meza kwa kidole. Akalaumu betri. Akaazima nyingine kwa jirani, mambo yakawa yale yale.

Niliacha cherehani nikaisukuma ile karatasi kwa vidole. Haikutaka kwenda.

"Mwalimu, hili ni shati umelibana kwapa. Mtu atainuaje mkono?"

Akaisukuma karatasi mwenyewe. Kisha akanieleza, kwa ile sauti yake ya darasani, kwamba sauti nyembamba hutaka karatasi itetemeke kidogo tu, lakini besi huitaka iende mbele na kurudi nyuma, mwendo mrefu. Ukingo ukiwa mzito na mkavu, mwendo unakatika.

"Na ulijua hayo yote, ukaibana?"

"Niliogopa ikilegea itayumba, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya karatasi, ikwaruze sumaku."

Hapo nikaelewa kazi yenyewe. Ilitakiwa nafasi, lakini nafasi iliyo sawa pande zote, kama mkono wa gauni uliotiwa vizuri begani. Nikamwambia ule ukingo usiwe bapa, uwe na tuta, kama nusu ya bomba. Kaka yake alikuwa amemletea paipu ya kunyunyizia ndizi maji. Tukakata kipande, tukakikunja duara, nikatandaza juu yake kitambaa chepesi cha bitana na kukipaka gundi ya viraka vya baiskeli. Tukakianika juani hadi kikashika umbo.

Cha kwanza, tulipobandua ile pete ya tyubu na kukibandika mahali pake, kilivuja hewa. Kila besi ilipopiga tulisikia "fyuu" kando, na nguvu yote ikapotelea hapo. Nilicheka hadi nikakaa chini, yeye hakucheka. Cha pili nilikipaka gundi mara tatu, safu nyembamba nyembamba, kisivuje wala kisiwe kigumu. Wakati wa kukibandika, Mwalimu aliisukuma karatasi taratibu juu na chini, sikio lake likiwa karibu kabisa, huku mimi nikifinya kingo kwa vibanio vya nguo.

"Hapo," alininong'oneza. "Usipumue, Mama."

Ilipokauka, wale wanaume wakarudi. Ukiongeza sauti sana ilipigapiga, kwa hiyo hatukuongeza sana. Mwalimu alisimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, akasikiliza wimbo mzima, kisha akanishika mabega na kuniambia kwa Kimeru neno ambalo sitaliandika hapa.

Baadaye kiongozi wa kwaya ya kanisa alileta spika zao mbili, na tukazifanya pamoja, tukigombana kuhusu gundi.

Siku hizi amestaafu na masikio yake yamechoka. Watoto walituletea redio mpya yenye besi yake, ukingo wa mpira laini uliotoka kiwandani. Nikiiwasha, anasogeza kiti, anaweka kiganja juu yake aisikie besi kwa mkono, na kufumba macho. "Hii ni nzuri," huniambia. "Lakini njoo uguse wewe pia." Nami huenda.