Fahali Aliyetolewa Bure

Kwao Shinyalu, Edah Khasandi hujulikana kama yule dada wa kompyuta, anayefundisha vijana kuchapa katika chumba kimoja mjini Kakamega. Kutwa kazi yake ni hiyo. Jioni, kwa miaka kadhaa, alikuwa akitengeneza mchezo wa simu na kompyuta wa kupiganisha mafahali, kama wanavyopiganishwa kwao tangu enzi za mababu. Ukiufungua unasikia ngoma za isukuti, kisha fahali mweusi aitwaye Ngurumo anateremka kilimani, na kijana mwenye fimbo anakimbia kando yake.

Kijana huyo ni kaka yake, Lumiti. Ngurumo alikuwa ng'ombe wa kweli, na Lumiti ndiye aliyemlea. Mama yao alimwuza fahali huyo ili kumlipa wakala wa safari, Lumiti akaenda Uarabuni kulinda mageti ya matajiri. Kazi ikaharibika, simu zikapungua, halafu kimya. Hakuwa amekufa. Mtu wa Lubao, jirani na kwao, alimwona huko, akarudi na habari kwamba amekonda na hataki kuulizwa mambo ya nyumbani. Aibu ni mzigo mbaya jamani, na mwanamume wa huko kwao Isukha aliyekula fahali wa mama yake bila kurudisha hata kwato atajificha hata kwa ndugu wa tumbo moja. Edah alimtaka kaka yake tu. Ng'ombe alikuwa amekwenda, basi.

Mchezo ulipokwisha, swali likawa uuzwe wapi. Mitchel, rafiki yake aliyechora picha zote, alikuwa na jibu tayari. Kulikuwa na duka dogo la mtandaoni, la wapenzi wa michezo ya kompyuta, linalomwachia mtengenezaji shilingi tisini katika kila mia. Duka kubwa, lile lililo ndani ya kila simu, hukata thelathini, na huko mchezo wa kulipia wa watu wasiojulikana hauguswi. Inabidi uutoe bure, uokote senti za matangazo.

"Edah, hebu fikiria," Mitchel alisema wakila obusuma, ugali wa kwao, na mboga. "Wazungu wachache wanaopenda vitu kama hivi wanatosha kutulipa. Huko kwingine tutachezwa na dunia nzima na tulale njaa. Sifa hazipikwangi."

Alisema kweli, na kodi ya nyumba ya Edah ilikuwa inakaribia. Wiki nzima Edah alipima, mrabaha upande huu, wingi wa watu upande ule. Lakini mlinzi wa geti hana kompyuta, wala hana kadi ya benki ya kununulia michezo. Ana simu tu, na saa ndefu za kukaa.

"Mimi natafuta mtu mmoja," alimwambia Mitchel hatimaye. "Na sijui yuko wapi. Itabidi niumwage kila mahali."

Mitchel alinuna, maana naye ana tumbo. Kisha akaona macho ya mwenzake yamelowa, akalegea. "Haya. Lakini mchezo ujao duka nachagua mimi."

Wakautoa bure. Watu wakaupakua, wengi kuliko walivyotarajia, Wabrazili, Wahindi, wanafunzi wa Nairobi waliolalamika kwamba fahali ni mvivu. Senti zikaingia zikichechemea. Edah alisoma kila maoni, hata ya lugha asizozijua, kama mtu anayechambua mchele.

Asubuhi moja ya mvua, akisubiri wanafunzi, alikuta nyota mbili na jina geni. Chini yake pameandikwa:

"Mchezo ni mzuri lakini mumekosea. Kasichana ka kumpa ng'ombe maji kako wapi? Huyo ng'ombe hakunywangi maji ya mtu mwingine."

Kasichana hako kalikuwa yeye, na Edah alikuwa amejiacha nje ya mchezo. Aliweka kila alichokikumbuka kuhusu kaka yake, na haikumpitikia hata siku moja kwamba huko aliko kaka naye anamkumbuka yeye. Alilia pale kwenye dawati, kwa sauti, kwa furaha, bila kuona haya.

Duka lile humruhusu mtengenezaji kujibu maoni, dunia nzima ikisoma. Alijifuta macho, akaandika:

"Kako hapa. Mama haulizangi ng'ombe. Anaulizanga wewe."