Birika Lisilo na Chai

"Lakini wewe ndiye uliyeitika!" binti yangu mkubwa alifoka, kitana mkononi. "Nani alikutuma uitike?"

"Nimeitwa, nikaitika. Ulitaka nijifanye kiziwi?"

"Unaitwa Mkono wa Birika mbele ya mawifi zako, nawe unasema abee! Tena kwa tabasamu!"

"Hawajawa mawifi zangu."

"Na hawatakuwa, kwa mdomo wako huo!"

Nikawaambia wapunguze sauti, kuta zetu ni nyembamba na jirani hajalipia kiingilio. Hawakunisikia. Mkubwa ni msusi, na maneno yake ni mengi kuliko nywele za wateja wake wote. Mdogo, yule aliyeitika, husafisha madirisha ya jengo la ofisi kule juu mtaani. Siku hiyo alikaa kwenye kigoda karibu na jiko, mikono kaibana kwapani kama kuku aliyelala.

Baridi ya mji wetu si ya kusimuliwa kwa mdomo mkavu. Mwaka mmoja salamu ya jirani iliganda mlangoni kwangu, nikaiokota, nikaitia kwenye sufuria. Ilipoyeyuka ndipo nikasikia, "Hujambo mama?" Jirani mwenyewe alikuwa ameshahama. Asiyeamini aje, sufuria bado ninayo.

Sasa katika baridi hiyo, mtu anakabidhiwa ndoo, kitambaa na ule mpira wa kukwangulia maji, anaambiwa, haya, vioo ving'ae. Na kwake viling'aa. Kunguru mmoja aliwahi kupita dirishani akijua ni hewa tupu, akavuka ofisi nzima, akatokea upande wa pili ndipo akakumbuka kwamba kulikuwa na kioo. Hilo nalo muulizeni kunguru.

Alianza kazi hiyo mume wake alipofariki. Kabla ya hapo alikuwa akisuka pamoja na dada yake, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa dada, ingawa dada hapendi niseme. Madirisha yakamfundisha ujanja mwingine. Huvaa glavu nyembamba za pamba ndani, za mpira juu, na zile za pamba zikilowa tu hubadilisha, kwa kuwa glavu iliyolowa ni mbaya kuliko mkono mtupu. Soksi kuukuu alizikata vidole, akazivaa kwenye vifundo vya mikono. Husema joto la vidole hupitia pale, ukifunga mlango wa mbele baridi itaingilia wapi? Tena hatumbukizi mkono ulioganda kwenye maji ya moto. Hulishika birika kwa nje, tumboni, taratibu, mpaka damu ikumbuke njia.

Birika hilo ndilo lililomponza. Kila asubuhi alipanda nalo ngazi, limejaa maji ya moto yaliyokwisha kutiwa sabuni, ya kuongezea kwenye ndoo. Mlinzi wa getini, mtu asiye na kazi ila ulimi, akamwona amelikumbatia, akamwita Mkono wa Birika. Kila mtu anajua mkono wa birika ni bahili, mtu asiyetoa hata harufu. Na huyu wangu glavu zake kavu alimgawia mfagia ngazi, yeye akarudi nyumbani vidole vyeupe kama mishumaa! Ndiyo maana jina lilichekesha. Akacheka naye. Akalizoea.

Kisha akaja seremala, kutengeneza milango ya ofisi zile. Mjane wa watu, mpole, vumbi la mbao kwenye kope. Akaona mkono wa birika lile, pale pa kushikia, ni chuma kitupu kilichofungwa kitambaa. Akauliza, "Hakikuunguzi?" Akajibiwa, "Kingeniunguza ningefurahi, sikisikii." Yule bwana hakucheka. Baada ya hapo maneno yao yakawa marefu. Akamwambia akikubali kuolewa naye ataacha maji, atakaa ndani ya karakana, apige msasa na vanishi, mikono ipone. Akaenda nalo birika kulitilia mkono wa mti.

"Nitalileta mwenyewe," alisema, "nikija na jibu la dada zangu. Wao ndio walionilea. Siwezi kuwapita."

Dada watu hawakungoja kuletewa habari. Wakaenda wenyewe kazini kwake, kimyakimya, kumwona alivyo. Mlinzi akapiga kelele kuelekea juu, "Mkono wa Birika! Una wageni!" Mwanangu akateremka akiitika abee. Mkononi kashika birika la kuazima, linafuka moshi. Wale wanawake wametembea kwenye baridi, midomo imewakauka, wakalitazama birika, wakamtazama mwenye birika.

Naye akasema, "Maji haya si ya kunywa."

Mkono pia hakuwapa, glavu zilikuwa zinachuruzika sabuni. Wakasema haya dada, kazi njema.

"Ungewaeleza!" mkubwa alikuwa akisema sasa. "Maji yana sabuni! Maneno matatu!"

"Nilijua wanayaona mapovu."

"Mapovu ndani ya birika? Wana macho ya kutoboa bati? Inuka, twende kwao sasa hivi tukawaeleze."

"Nikaseme nini? Jamani mimi si bahili, ni baridi tu?"

"Ndiyo! Hivyo hivyo!"

"Watasema lisemwalo lipo. Ngoja. Alisema leo, na alisema ataleta mwenyewe."

"Na asipokuja? Utarudi madirishani na vidole hivyo? Nyoosha tuvione."

Hakuvinyoosha. Juzi kikombe kilimponyoka, akasikia kishindo kabla hajajua kwamba amekiachia. Dada yake alikwisha kumjaribu saluni, uzi unapita vidoleni naye hana habari, mteja akaondoka na kichwa nusu. Nikamwambia, "Mwanangu, hata mimi nimezeeka na mdomo, lakini huwa nautumia. Nenda kaseme."

"Mama, mtu akinitaka atauliza. Huyu aliuliza kuhusu chuma. Na jina ataliuliza."

"Wanaume huuliza vyuma," mkubwa akasema. "Majina huwaulizia dada zao. Na mimi nakuapia, akija huyo seremala wako mwenyewe, hapa hapa nitapiga vigele—"

"Hodi."

Sauti ya mwanamke. Mlango ukasukumwa. Alikuwa dada mkubwa wa seremala, peke yake, na mzigo umefungwa gazeti. Akaufungua hapo hapo alipokuwa amesimama. Lile birika. Mkono wa mti ulikuwa mzuri kupita kiasi, umepigwa msasa hadi ukawa kama ngozi, na mahali pa kila kidole pamechongwa pake.

Mwanangu akainuka, akatoa mikono yote miwili kwapani, akalipokea.

"Kaka anasema mkono umeshakauka," mgeni akasema, huku akikunja gazeti lake. "Kesho unaweza kurudi nalo madirishani."