Shada la Mboga

Kila Novemba, shule ya Harlow Fork inapotangaza dansi ya wasichana, wajukuu wa bibi Nedra humzunguka jikoni wakidai hadithi ya shada la mboga. Naye hawanyimi. Huwasimulia jinsi wasichana wa enzi zake walivyoisubiri mwaka mzima siku hiyo moja ya mambo kwenda kinyume, msichana akamfuata mvulana, akamwalika kwa mdomo wake mwenyewe na kumbandika kifuani shada alilolisuka. Si la maua, la mboga, na kadiri lilivyochekesha ndivyo lilivyosifiwa. Na tangu fidla ianze mpaka taa za ukumbi zizimwe, mvulana hakuruhusiwa kumwambia msichana wake hapana. Akiambiwa beba viatu, anabeba. Akiambiwa imba, anaimba.

Huendelea hivyo mpaka afike pale anapocheza na Emil Kosar. Hapo huinuka kwenda kuangalia maharage ambayo hata hayajaanza kuchemka.

Wajukuu hudhani hadithi imeishia hapo.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na mbili, na Nedra alikuwa na miaka kumi na saba. Baba yake aliuza katika duka la kampuni, kwa hiyo nyumbani kwao makaa ya mawe yalikuwa kitu cha kutia jikoni tu. Kwa kina Kosar yalikuwa kitu kingine. Stevo, kaka mkubwa, alikuwa ameangukiwa na jiwe mguuni ndani ya mgodi, na Emil ikabidi aache shule, avae kofia ya kaka yake, abebe ndoo yake ya chakula na kushika nafasi yake. Lakini dansi haikumbagua yeyote aliyewahi kukalia madawati ya shule ile. Sheria ilikuwa moja tu: wa kwanza kumbandika mvulana shada ndiye atakayecheza naye, na kutuma mtu hakuruhusiwi.

Ijumaa, Lorene Pruitt alijitazama kwenye kioo cha chooni mwa wasichana akasema, "Kesho Emil akitoka kazini atanikuta getini kwao. Shada langu lina boga."

"Boga zima?" Nedra akauliza.

"Zima. Akileta maringo nampiga nalo."

Wote wakacheka, na Nedra akacheka nao. Lakini alfajiri ya Jumamosi alikuwa jikoni kwao, anafunga karoti na vitunguu kwa uzi juu ya jani la kabichi, uzi unakatika, anafunga tena. Alipotoka nje ukungu ulikuwa umelala barabara nzima. Alipanda mlima mbio. Alipofika juu, wachimbaji walikuwa wamekwisha kusanyika mdomoni mwa mgodi, na Emil yumo kati yao.

Mbele yake kulikuwa na mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa. Kila mtoto wa Harlow Fork aliujua mstari ule. Wake na mama walileta chakula kilichosahauliwa mpaka hapo, wakakiweka chini na kuita. Mwanamke hakuuvuka, maana wachimbaji waliamini akiuvuka ataleta balaa mgodini. Nedra alijua kama wote walivyojua, lakini kwake lilikuwa neno la kusikia tu, na Emil alikuwa ameshawasha taa ya kofia yake.

Akavuka.

Mwanzoni walicheka. Alimshika Emil koti, akambandika shada, na mtu mmoja akapiga mbinja.

"Emil, umeposwa bwana! Mahari vitunguu!"

"Mwambie aongeze na viazi!"

Emil alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Nimekubali," akamnong'oneza. "Sasa rudi, Nedra. Rudi haraka."

Ndipo Nedra akaona kwamba walio nyuma hawakucheka. Mzee Tolliver, aliyeingia mgodini tangu akiwa mtoto, alikuwa anatazama miguu ya Nedra. Miguu tu, pale ilipokanyaga. Mzee akaokota ndoo yake ya chakula.

"Mlima umeshamwona mwanamke," akasema. "Mimi leo siingii."

"Ukiondoka usirudi!" msimamizi akafoka.

"Hewala." Akaanza kuteremka, na wengi wakamfuata mmoja mmoja, wakimpisha Nedra kwa mbali kama mtu mwenye ndui. Emil hakuteremka. Nyumba nzima ilimtegemea. Alipoingia, taa yake iliwaka kidogo gizani, kisha ikamezwa.

Siku ile Nedra hakula. Alipiga pasi gauni mara mbili, masikio yakiwa mlimani. Kila treni ilipopiga honi alidhani ni king'ora cha mgodi kinachotangaza ajali. Mama yake, aliyekuwa amekwisha kusikia dukani, alimwambia neno moja tu: "Omba atoke."

Akatoka. Jioni aliingia ukumbini na nywele zimelowa, macho yamezungukwa na weusi wa makaa usiotoka kwa sabuni, shada limenyauka kifuani. Lorene akamtupia Nedra jicho kali, kisha akaenda kumpa boga lake mwana wa mchungaji. Fidla ikaanza. Nedra alimshika Emil kwa nguvu hata yeye akalalamika.

"Polepole, wewe, utanivunja! Si unaona niko mzima?"

"Uliingia na nani?"

"Tucheze kwanza."

"Emil. Uliingia na nani?"

Akapunguza hatua. "Peke yangu. Wamenipeleka chumba cha kuchimbia cha mwisho kabisa. Waliobaki wanasema shada liko kwangu, basi na balaa likae kwangu."

Nedra alikuwa amesimama na baba yake nyuma ya meza ya duka miaka mingi, akisikia mazungumzo ya wachimbaji. Alijua kwamba kule chini watu hufanya kazi wawili wawili. Mmoja anachimba, mwenzake anasikiliza dari ya mwamba isije ikaporomoka.

"Nani anakusikilizia dari?"

"Najisikilizia."

"Huku unapiga sururu?"

Emil akamzungusha. Vumbi jeusi lilikuwa kwenye mkunjo wa shingo yake, na Nedra aliliona kama alama ya kidole.

"Nina haki yangu usiku huu," akasema.

"Unayo. Sema, nikubebee viatu?"

"Jumatatu usipande kule. Panda basi la Akron. Si binamu yako yuko kwenye kiwanda cha matairi? Nenda."

"Aa, hilo si la dansi."

"Taa zinawaka?"

Emil akatazama juu. "Zinawaka."

"Basi huna hapana."

Emil alicheka, kisha akaona uso wa Nedra, akaacha. Wakacheza mpaka mwisho. Jumatatu asubuhi basi la Akron liliondoka naye, na Nedra alirudi dukani kumsaidia baba yake kabla ya shule, akahisi mabega yake yamekuwa mepesi. Alikuwa anapanga makopo ya maharage mlango ulipofunguliwa.

Aliingia Stevo, anachechemea, na kofia ya chuma kichwani.

"Shemeji!" akaita kwa furaha. "Nipe tumbaku, nimechelewa."

"Unakwenda wapi na mguu huo?"

"Kazini. Mdogo wangu umempeleka kuona dunia, na mama hawezi kula matairi." Akaweka ndoo ya chakula mezani. Shada lilikuwa limefungwa kwenye mkono wa ndoo. "Nimelikuta hapa. Karoti bado inalika." Akaing'ata.

"Wamekupa chumba gani?"

"Cha Emil. Wanasema ni cha Kosar, na jina ni lile lile. Peke yangu, ndiyo raha. Hakuna wa kunikoromea."

"Stevo, usiende."

"Dansi imekwisha, shemeji," akasema, akatoka akitafuna.

Nedra alisimama na tumbaku mkononi, maana Stevo alikuwa ameisahau. Kisha akatoka mbio bila koti. Alipanda mlima akiita, na upepo ukamrudishia sauti yake. Alipofika kwenye mawe ya chokaa alimwona Stevo kule mbele, peke yake, anainama kuwasha taa. Hatua chache tu. Lakini mguu wa Nedra ukakataa. Akivuka tena, atakuwa ameongeza nini juu ya lile alilokwisha kuleta? Akaiweka tumbaku chini, upande wake wa mstari, akaita jina lake kwa nguvu zote. Stevo akapunga mkono bila kugeuka.

Jumanne alipanda tena, na Jumatano. Alhamisi, king'ora cha mgodi kilipoanza kulia, Stevo akiwa ndani, Nedra alikuwa amesimama pale pale, vidole vya viatu vyake vikigusa chokaa.